Mwanamuziki kusema siasa jukwaani: jibu kwa mwimbaji wa Mombasa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naimba na bendi ya watu sita hapa Mombasa. Ijumaa tunapiga hotelini, Jumamosi mara nyingi harusini. Majuzi hotelini, kabla ya wimbo wa mwisho, nilizungumza kidogo kuhusu vijana waliouawa kwenye maandamano ya 2024 na jinsi familia zao zinavyozungushwa. Wengine walishangilia, wengine wakanyamaza, na meza mbili za mbele zikaita bili. Mwenye hoteli akaniambia watu hapa wanalipia starehe, si mikutano. Mpiga ngoma wetu naye amenuna, asema nimemtia kwenye mambo asiyoyajua. Halafu juzi nimepigiwa simu na mtu wa mwanasiasa mmoja anayetaka bendi yetu kwa mikutano ya kuelekea 2027. Je, mwanamuziki anafaa kusema siasa akiwa jukwaani? Na huyu mwenye hoteli, nimwombe radhi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ndiyo, anafaa, na ziko nyakati ambapo kunyamaza kwake ni aibu. Nalitanguliza hilo usije ukasoma yote haya ukingoja nikukanye. Lakini katika kisa chako mmekorogeka mambo matatu: ulilolisema, mahali ulipolisemea, na watu uliokuwa nao. La kwanza sina neno nalo. Tabu iko kwenye hayo mawili mengine, na mwenye hoteli na mpiga ngoma kila mmoja ameshika ncha yake.

Hoja kwamba watu wanalipia starehe ni hoja ya biashara, na nitairudia. Wengi huitumia kana kwamba ni kanuni ya sanaa, na hapo haina mashiko, hasa katika mji wako. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, alitunga tungo nyingi za kuwatetea Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na kuwachamba mahasimu wao wa Lamu na Unguja, siku zile Seyyid Said wa Omani alipokuwa akiutaka mji. Ilikuwa siasa tupu, tena siasa ya vita. Zanzibar nako, miaka ya 1920 na 1930, Siti binti Saad na wenzake waliimba katika mitaa ya Ng'ambo mambo yaliyokuwa yakiamuliwa mahakamani. Wimbo wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni, na kesi ambayo mtuhumiwa alivuka bahari akaponyoka huku wanawake waliokuwa na marehemu wakiishia kuadhibiwa kwa habari ya pombe. Waliokwenda kustarehe ndio hao hao waliokwenda kusikia hukumu ile ikihukumiwa.

Tukija karibu zaidi, mwaka 2001 Eric Wainaina aliimba wimbo wake wa kukemea hongo mbele ya Makamu wa Rais George Saitoti, na pakafanywa jaribio la kumkatiza. Mwaka uliofuata Gidi Gidi Maji Maji walitoa Unbwogable, wimbo wa vijana wawili wakijipa moyo katika maisha yao ya muziki. Wapinzani wa KANU, chama kilichokuwa kikitawala, wakauchukua, ukawa wimbo wa kampeni ya muungano wao wa NARC iliyompeleka Mwai Kibaki Ikulu mwishoni mwa 2002. Huo wa pili nimeutaja kwa makusudi. Wimbo ukishatoka mikononi mwako, wenye siasa wataubeba wakiuona unawafaa, uwe ulikusudia au hukukusudia. Kwa hiyo mwenzako anayesema "mimi naimba tu" hajajitoa. Amewaachia wengine waamue wimbo wake ni wa nani.

Na kunyamaza husomwa pia. Wakongo wanaoishi Paris, Brussels na London wamekuwa kwa miaka mingi wakipinga maonyesho ya wanamuziki wa Kinshasa wanaowaona kuwa walikuwa karibu mno na serikali ya Kabila. Fally Ipupa alipopiga ukumbi wa Bercy, Paris, tarehe 28 Februari 2020, palizuka fujo karibu na stesheni ya Gare de Lyon, pikipiki zikateketea na moshi mweusi ukatanda juu ya mji, ingawa onyesho lenyewe liliendelea. Waliochoma mali za watu wasiohusika walidhulumu, sitafuti maneno ya kuwatetea. Lakini angalia waliyekuwa wakimlalamikia: mtu wa nyimbo za mapenzi. Hakuhitaji kuhutubia ili ahesabiwe kuwa yuko upande fulani.

Sasa nije kwenye lile ambalo ningependa ulishike zaidi. Kuimba jambo na kulisema katikati ya nyimbo si kazi moja. Wimbo umeshapimwa. Umeutunga, ukafuta, ukarudia, bendi imeuzoea, na msikilizaji huingia kwa mlango anaoutaka yeye. Watunzi wa pwani walilijua hilo, ndiyo maana fumbo likawa silaha yao: asiyetaka kuelewa hakulazimishwa, na aliyelengwa hakuweza kulalamika bila kujianika. Maneno ya katikati ya nyimbo hutoka yakiwa mabichi, usiku umekwenda, umechoka, ukumbi umechemka. Halafu husafiri peke yake bila wimbo wa kuyasindikiza.

Tarehe 10 Machi 2003, siku chache kabla ya vita vya Iraki, Natalie Maines wa kundi la Dixie Chicks alisema jukwaani London kwamba wanaona aibu kuwa Rais wa Marekani anatoka Texas, jimbo lao. Yalikuwa maneno machache tu kabla ya wimbo. Redio nyingi za muziki wa kantri huko kwao ziliacha kuwapiga, diski zao zikapondwa hadharani, wakatishiwa kuuawa. Mwaka 2007 walitwaa Grammy tano, lakini redio zile hazikuwarudia kama zamani. Mimi naona Maines alikuwa na haki kusema, na yaliyotokea Iraki hayakumsuta. Ila ujue kwamba maneno machache ya kati ya nyimbo yanaweza kuzifunika kazi za miaka, na hutachagua yepi yabebwe.

Mfano mzito kuliko wote uliamuliwa hapo Arusha. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki mashuhuri wa Rwanda, na nyimbo zake zilichezwa katika propaganda ya mwaka 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilimhukumu Desemba 2008 kifungo cha miaka 15. Kilichomtia hatiani hakikuwa nyimbo. Mahakama haikuridhika na ushahidi kwamba alizitunga kwa nia ya kuchochea mauaji ya kimbari, au kwamba alihusika kuzirusha hewani wakati huo. Kilichomfunga ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti cha gari mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara ya Kivumu hadi Kayove, akiwahimiza watu kuwaua Watutsi. Sikulinganishi naye hata kidogo, na Mungu apishe mbali. Namleta kwa sababu hakuna mfano unaoonyesha wazi zaidi kwamba mtu anayependwa kwa sauti yake akisema "fanyeni," kuna watakaofanya.

Jukwaa halina majibizano. Wewe una maiki na spika mbili kubwa, mwenzako mezani ana glasi ya juisi. Hawezi kukuuliza, hawezi kukusahihisha, anachoweza ni kushangilia, kunyamaza au kuita bili. Walioita bili walikujibu kwa njia pekee iliyokuwapo, kwa hiyo usiwawekee kinyongo. Huenda mmoja wao ni askari, huenda mwingine ni mzazi wa mmoja wa vijana hao na hakuweza kustahimili. Ulichokisema wewe kilikuwa salama kwa kipimo changu: ulizungumzia familia na haki yao, hukutaja kabila, hukumtukana mtu, hukuwaagiza watu wafanye lolote. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 33, inataja hata uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina lake, na kifungu hicho hicho kinatoa nje propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, iliyokuja baada ya zaidi ya watu 1,100 kuuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi, inaweka adhabu ya hadi miaka mitatu jela, au faini isiyozidi shilingi milioni moja, au vyote viwili, kwa chuki ya kikabila. Mpaka huo nauunga mkono kwa moyo wote. Kuidai serikali iwajibike kuko upande huu wa mpaka. Kuwachochea wasikilizaji wako wawaone jirani zao kuwa adui kuko upande ule, hata ukilifunga jambo kwa vina na mizani.

Mahali je? Hapa mwenye hoteli ana sehemu ya haki yake. Harusini usiseme kitu. Siku ile ni ya bibi na bwana harusi, umealikwa kuisindikiza furaha yao, na kwenye viti wameketi wajomba wa vyama viwili ambao mama zao wamewasihi wasianzishe ubishi. Ukileta siasa pale umewapora wenyeji jukwaa walilokuazima. Tamasha lako mwenyewe, ambalo jina lenu liko kwenye bango na watu wamelipa kiingilio kuja kuwaona ninyi, ni jambo jingine kabisa: aliyekuja amekuja kwa ajili yako, pamoja na unayoyaamini. Tarehe 7 Julai 2024, siku ya Saba Saba, vijana wa Nairobi walifanya tamasha Uhuru Park kuwakumbuka waliouawa. Kila aliyeingia alijua ameitwa kwa nini, na wanamuziki waliopanda hawakumshtukiza mtu. Tena katika matamasha mengine ya mji huo mwaka ule, hadhira ndiyo iliyoanza kuimba kumtaka Rais aondoke, na msanii akajikuta amesimama na maiki mkononi akisikiliza.

Hoteli iko katikati ya hayo mawili. Wageni hawakuja kwa ajili yako, wamekuja kula, nanyi mmewekwa. Sisemi hotelini hakusemwi lolote. Ningekuwa nimekuziba mdomo siku zako nyingi za kazi. Nasema hotelini wimbo ubebe mzigo. Kama una wimbo kuhusu mama anayemngoja mwanawe asiyerudi, uimbe, na useme tu kwamba unauimba kwa ajili ya waliopotelewa na watoto wao mwaka 2024. Mtu hahitaji kuelezwa zaidi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu yenyewe ilihesabu vifo zaidi ya 50 katika maandamano yale. Si jambo ambalo ukumbi wa Mombasa utakuwa haujalisikia.

Kuhusu mpiga ngoma, mimi niko upande wake, nakwambia bila kuficha. Mwanamuziki akisema jukwaani, gharama huwaangukia wengi. Desemba 1976 Bob Marley alikubali kupiga tamasha la bure Kingston, akitaka kutuliza uhasama wa vyama. Kisha Waziri Mkuu Michael Manley akatangaza uchaguzi wa mwezi huo huo, na tamasha likaonekana kama kampeni ya chama tawala. Tarehe 3 watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwa Marley. Yeye alipata jeraha kifuani na mkononi, lakini mkewe Rita alipigwa risasi kichwani, na meneja wake Don Taylor ndiye aliyeumia vibaya kuliko wote. Wote wawili walipona, na Marley akapanda jukwaani siku mbili baadaye. Ushujaa wake unasimuliwa kila siku. Ni nadra kusikia watu wakiuliza kama meneja na wapiga vyombo waliwahi kuulizwa wanaionaje hatari hiyo. Uganda vilevile: Bobi Wine alipoingia bungeni 2017, maonyesho yake yalianza kuzuiwa moja baada ya jingine, na Jumatatu ya Pasaka ya 2019 polisi walilizuia tamasha lake la Busabala na kumkamata. Fikiria mafundi waliokuwa wamekwisha kufunga spika, na akina mama waliokuwa wamenunua nyama na mkaa wauze siku ile.

Kwa hiyo kabla ya kusema, waambie wenzako. Si lazima wote wakubaliane nawe, lakini kila mmoja awe na nafasi ya kusema "mimi nitateremka kidogo." Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalioni. Mwimbaji anapoongea, mpiga kinanda hupenda kushikilia sauti laini chini ya maneno, na ngoma hugusa visahani taratibu. Inapendeza, lakini maana yake ni kwamba bendi nzima imeitikia. Nadhani hilo ndilo lililomkera mwenzako hata kama hakulisema: alikuwa akikupigia huku akijifunza unachosema kwa wakati ule ule na wageni. Ukitaka kusema, nyamazisheni vyombo. Maneno yawe yako peke yako, na ionekane hivyo.

Mzungumze na fundi mitambo pia. Mwangwi anaouweka kwenye sauti yako ili uimbe vizuri huyafanya maneno ya kawaida yakanyagane. Wa mbele watakusikia, wa nyuma watapata nusu na nusu watajijazia wenyewe, na hapo ndipo "familia zisaidiwe" hugeuka kuwa "familia zisimame." Aukate mwangwi kabla hujafungua mdomo. Andika unachotaka kusema, kisome kwa sauti nyumbani, ukipunguze kiishe ndani ya dakika moja. Sema ulichokiona au unachokijua kwa hakika, usibebe habari ya simu uliyotumiwa mchana. Na ukumbuke simu za mezani: kipande kitakachorekodiwa kitaanza pale sauti yako ilipopanda na kukatwa pale watu walipopiga kelele. Kila sentensi yako iweze kusimama peke yake bila kukudhuru.

Sasa ile simu ya mtu wa mwanasiasa. Kuimba mkutanoni kwa malipo si haramu, ni kazi kama kazi nyingine, na bendi ya watu sita ina kodi za nyumba sita. Lakini nakushauri ukatae, kwa sababu moja. Ijumaa ile ulisikilizwa kwa kuwa kila mtu alijua hukulipwa kusema. Kama kuna kitu, ulikuwa unapoteza. Ukishapanda gari la kampeni, kila utakalosema baadaye kuhusu zile familia litasikika kama tangazo, hata likiwa kweli tupu. Familia zenyewe hazistahili kufanyiwa hivyo. Kama wenzako wataona lazima mpige kwa sababu ya hali, basi iwe kwa mkataba ulioandikwa, malipo yatolewe kabla ya kupanda, mpige nyimbo zenu, na asiwepo wa kukupa karatasi ya maneno ya kusoma. Na wewe, kwa msimu huo wa kampeni, uweke kando hotuba zako za Ijumaa.

Neno fupi kwa kuwa najua bendi za Mombasa huvuka Horohoro kwenda Tanga na Dar. Ukivuka, Kifungu cha 33 kimebaki Lunga Lunga, upande wa Kenya. Tanzania kuna BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na vibali vyake, na upepo hubadilika: Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa mkoani Morogoro kwa wimbo wake Wapo, BASATA wakaufungia, kisha baada ya siku moja tu Waziri Mwakyembe akatangaza kuwa Rais Magufuli ameagiza aachiliwe na wimbo upigwe. Msanii mmoja, wimbo mmoja, maamuzi mawili. Ulizeni wenyeji waliowaalika, na mfuate wanachowaambia, maana ninyi mtarudi kwenu na wao ndio watakaobaki.

Mwenye hoteli usimwombe radhi kwa ulichokisema, kwa sababu hukukosea kukisema na ukiomba radhi utakuwa umekikana. Mwombe radhi kwa kumshtukiza, hilo ni deni lako kweli. Nenda kabla ya Ijumaa, mchana, wakati hana wageni, ukiwa na orodha ya nyimbo mkononi. Mwonyeshe ule utakaoutolea wakfu na maneno utakayosema kabla yake, neno kwa neno. Akikubali, shika hayo hayo, usiongeze hata moja ukipata makofi. Akikataa, muulize kama atawakodisha ukumbi siku moja ya katikati ya wiki kwa onyesho lenu wenyewe, kiingilio mlangoni, bango likisema wazi ni usiku wa nini. Jumatano hoteli nyingi za pwani hazina watu, huenda akakubali haraka kuliko unavyodhani.